Shujaa alirudi nyumbani, wasichana 12 wakanyongwa

KAMA umewahi kuona filamu au katuni ya Odysseus, bila shaka unalikumbuka lile jitu la jicho moja. Lakini je, unawakumbuka wasichana 12 walionyongwa nyumbani kwake?

Stori yenyewe imo katika Odyssey, utenzi wa Wagiriki wa kale unaohusishwa na Homer. Odysseus anaenda vitani Troy na anarudi Ithaca baada ya miaka 20. Huku nyuma, wanaume 108 wamevamia boma lake wakimng'ang'ania mkewe, Penelope, huku wakila na kunywa mali yake bure. Penelope si mjinga. Anawaambia ataolewa akimaliza kufuma sanda ya baba mkwe wake. Mchana anafuma, usiku anafumua. Anawazungusha hivyo miaka mitatu!

Sasa geukia mume. Njiani alikaa mwaka mzima na Circe, kisha miaka saba kwa Calypso, na wote wawili alilala nao. Ni kweli Calypso alimzuia, na jamaa alikuwa akilia akitamani kwao. Hata hivyo, heshima yake haiguswi. Ya Penelope inapimwa kwa kitanda chake tu.

Na wale wasichana? Walikuwa watumwa wa nyumba hiyo. Kosa lao ni kulala na wale wanaume. Hebu niambie, mtumwa angekataa vipi? Tena Odysseus mwenyewe, kabla ya kuwaua wavamizi hao, anawashutumu kwa kuwalazimisha watumwa wake wa kike. Kumbe alijua! Bado anaamuru wasichana wabebe maiti nje, wasafishe damu, kisha wauawe. Mwanawe Telemachus, kijana wa rika lako, ndiye anayewanyonga kwa kamba ya meli. Hakuna anayewauliza lolote.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka wa 2017, msomi Emily Wilson alichapisha tafsiri yake ya utenzi huu kwa Kiingereza. Alionyesha kuwa baadhi ya wanaume waliomtangulia walimfanya Telemachus awaite wasichana hao malaya, ilhali neno hilo halimo katika Kigiriki. Yeye aliandika tu kwamba ni wasichana. Yaani watu walikufa hadithini, na karne nyingi baadaye mtafsiri akaketi mezani akawaongezea tusi.

Usiache kuusoma utenzi huu kwa sababu hiyo. Ni mtamu, na bila Homer tusingejua kuwa wasichana hao walinyongwa. Ila ukifika pale, usipite mbio kumshangilia shujaa.

Na siku ukikuta msichana anachambuliwa mtandaoni, jiulize kwanza: yeye mwenyewe amesema nini? Na hilo jina analoitwa, nani amempachika? Kabla hujabonyeza kusambaza, kumbuka kwamba hata wewe sasa unasimulia hadithi yake.