Mulika mwizi mpya, mambo ni yale yale

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Lakini kuna vipya ambavyo ukivitoa karatasi, msomaji, utavikuta ni vikuukuu vilivyopakwa rangi. Kama unabisha, ingia duka lolote la simu mjini Voi uulize simu ndogo ya vitufe, ile tuliyoibandika jina la mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake. Utaletewa kisanduku kinachong'aa na kuambiwa kwamba hilo ni toleo jipya. Kabla hujafungua kibeti, tafakari kidogo.

Usiidharau simu hii. Katika vijiji vinavyopakana na Mbuga ya Tsavo, watu huchelea kukutana na ndovu gizani, na tochi hiyo ni mwenzi wa safari. Huko Mgange na Werugha, nyanya asiyetaka usumbufu wa simu za kupapasa huitumia kupokea pesa kutoka kwa mwanawe aliye Mombasa, jambo ambalo limewezekana tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007. Kwa hivyo simu hii ikitengenezwa vizuri au vibaya, aumiaye au anufaikaye ni mtu wa kawaida.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa simu aina ya 1100. Ilikuwa na tochi, vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisipenye, na mgongo usioteleza mkononi. Ni dhahiri kwamba walioiunda walimfikiria mtu anayeishi mahali penye vumbi na pasipo na umeme. Haishangazi kwamba ziliuzwa zaidi ya milioni 250 kote duniani.

Miaka yapita, betri ni ile ile

Februari 2013 ikaja Nokia 105. Ilikuwa na kioo cha rangi, redio, tochi na betri ya mAh 800, yaani kipimo cha chaji inayoweza kuhifadhi. Baada ya hapo jina la 105 limerudi mara kwa mara: 2015, 2017, 2019, 2022 na 2023. Kampuni yenyewe ilibadilisha mikono. Biashara ya simu za Nokia ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2014, na kufikia mwisho wa 2016 jina hilo likawa mikononi mwa HMD, kampuni nyingine ya Ufini.

Sasa linganisha. Toleo la 2019 lilikuwa na kioo kikubwa kidogo na nafasi ya kuhifadhi majina mengi zaidi. Je, betri? mAh 800. Kamera? Hakuna. Mtandao? 2G, kama awali. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2013 alikuwa darasa la saba, naye mzazi wake akiuziwa simu ile ile kwa jina la mpya!

Mgala muue na haki yake mpe. Mwaka 2021 ilitoka 105 ya 4G, na ile ya 2023 iliongezewa betri hadi mAh 1,000 pamoja na kinga dhidi ya matone ya maji. Lakini kungoja miaka kumi ili kuongezewa mAh 200 ni kama kungoja mvua ya Voi mwezi wa Agosti.

Wala si simu za bei nafuu pekee. Mwaka 2022 kampuni ya Apple iliuza iPhone 14 ikiwa na kichakataji cha A15, kile kile kilichokuwa ndani ya iPhone 13 mwaka uliotangulia. Tajiri na maskini wameonja shubiri moja, ila maskini huumia zaidi kwa sababu pesa hizo zingelipa karo.

Kuna la kutahadhari pia. Japani ilifunga mitandao ya 2G mwaka 2012, na nchini Marekani kampuni ya AT&T ikafuata mwanzoni mwa 2017. Hapa kwetu 2G ingali inafanya kazi, lakini anayenunua simu leo akitarajia kukaa nayo miaka mingi afaa kulikumbuka hilo.

Ufanye nini basi?

Kwanza, iwapo simu yako ya zamani ingali inapiga, inapokea na kumulika, na tatizo ni chaji tu, nunua betri. Uzuri wa simu hizi ni kwamba unafungua kifuniko na kuibadilisha mwenyewe.

Pili, ukilazimika kununua, omba kisanduku usome. Tazama kipimo cha betri na uulize kama ni 2G au 4G. Washa tochi, sikiliza kipaza sauti, kisha ubonyeze *#06# uhakikishe kwamba nambari inayotokea ni sawa na iliyo kisandukuni.

Tatu, kama unahitaji WhatsApp kwa sababu ya kundi la wazazi shuleni, usinunue mulika mwizi ya 2G ukidhani itakufaa. Weka akiba kidogo kidogo. Ukichukua simu ya kulipia kwa awamu, piga hesabu ya jumla utakayolipa, na ujue kwamba nyingi hufungwa ukikosa kulipa.

Nne, mkaaji wa Taveta, chagua mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu, isije ikanasa minara ya Tanzania ukatozwa bei ya kigeni.

Watengenezaji nao wasidhani mnunuzi wa vijijini haoni. Hatutaki rangi mpya. Tunataka betri idumuyo, maandishi ambayo mzee ataweza kusoma bila miwani, na 4G kwa bei ya mkulima. Wakileta hayo, hawatahitaji mabango barabarani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.