Kabla ya Kuezua Paa la Asbesto

Fundi anayepanda kuezua paa la zamani la shule huangalia mbao zimeoza kiasi gani na mzigo utashushwaje bila kumwangukia mtu. Vumbi halimsumbui. Akikohoa jioni, asubuhi ameshasahau. Hapo ndipo ugumu ulipo: saratani inayoletwa na asbesto kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, kwa hiyo hakuna fundi atakayeijua hatari hii kwa kuona wenzake wakiugua kazini.

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi. Yalichanganywa na saruji kutengeneza mapaa na mabomba ya maji kwa kuwa hayashiki moto wala hayaozi. Paa likiwa zima na imara, hutoa nyuzi chache sana. Likikatwa kwa grainda au kuvunjwa kwa nyundo, nyuzi zisizoonekana kwa macho huruka hewani na kuvutwa hadi ndani kabisa ya mapafu. Seli za kinga hujaribu kuzimeza, lakini uzi mrefu huishinda seli; seli hufa, na uzi hubaki ukichokoza nyama kwa miaka mingi. Baadhi ya watu hupata makovu ya mapafu, wengine saratani ya mapafu, na wengine mesothelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu.

Uhusiano wa mesothelioma na asbesto ulithibitika Afrika Kusini. Mwaka 1960 watafiti Wagner, Sleggs na Marchand walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakiwa na historia ya asbesto ya buluu iliyochimbwa Kaskazini mwa Cape. Kinachonigusa zaidi katika taarifa ile ni kwamba wengi wao hawakuwahi kushuka mgodini. Waliishi jirani na machimbo, au walicheza karibu nayo utotoni. Baadaye, katika nchi nyingine, ugonjwa ukawapata hata wake waliokung'uta na kufua ovaroli za waume zao.

Sleggs alikuwa akitibu wagonjwa wa kifua kikuu, na alianza kushuku alipoona baadhi ya waliojaa maji kifuani hawapati nafuu kwa dawa. Kwetu Kenya kifua kikuu bado ni kingi, na nina hakika kosa la kudhani mesothelioma ni kifua kikuu linaweza kutokea hapa pia.

Kuhusu sigara, niseme wazi: haiongezi mesothelioma, lakini kwa saratani ya mapafu, sigara na asbesto zikikutana hatari hupanda maradufu na zaidi. Aliyewahi kufanya kazi kwenye vumbi hilo akiacha kuvuta leo, anajipunguzia hatari hiyo.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, ila mapaa yaliyoezekwa kabla ya hapo bado yapo, na lazima siku moja yashuke. Yashushwe na watu waliofunzwa. Yaloweshwe maji kwanza, misumari ing'olewe taratibu, kila kipande kishushwe kizima na kufungwa kwa nailoni nzito. Kusiwe na grainda wala kufagia vumbi kavu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi hatari inayobana uso vizuri. Nguo za kazi zisiende nyumbani. Vipande vilivyovunjika visigeuzwe kifusi cha kujazia njia, kwa sababu watoto watavikanyaga na kuvisaga. Gharama ya yote haya ni ya mwenye jengo, si ya kibarua anayelipwa kwa siku.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji fedha. Mwajiri aandike jina la kila aliyepanda juu ya paa hilo, tarehe na kazi aliyofanya, na fundi apewe nakala. Miaka 30 baadaye, akija hospitali akihema na maji yamejaa upande mmoja wa kifua, daktari amuulize kazi zote alizowahi kufanya tangu ujana, hata kibarua cha wiki mbili, naye awe na karatasi ya kuonyesha.