Ampli inayopiga kelele: kata umeme kwanza, kisha punguza sauti



Jumatatu moja asubuhi, mbele ya kuanza kazi, kijana mmoja wa atelie alifika dispanseri akishika mkono wake wa kuume. Kwenye kidole kulikuwa na kidonda kidogo kama punje ya mahindi, katikati cheupe, pembeni cheusi. Nikamwuliza: «Umeungua na jiko?» Akainamisha kichwa: «Hapana, munganga. Ni gitare.»

Gitare haiunguzi mtu. Kilichomwunguza ni ampli yake. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa lampi na transfo za radio za zamani. Kazi nzuri, hatukatai. Lakini kila alipoiwasha ilipiga mluzi, ikanguruma, na sauti ya gitare ikatoka imekwaruza hata akigusa uzi kidogo tu. Akachomoa lampi ili ajue kelele inatoka wapi, akawasha, akazima, akatoa fishi kwenye prizi. Akala chakula cha jioni. Kisha akaingiza turnevisi ndani ya sanduku. Bibi yake alimkuta ameanguka karibu na ukuta.

Fishi ilikuwa imetoka. Umeme ulitoka wapi basi?

Umeme uliobaki ndani

Nilimwomba fundi wa umeme wa atelie anifafanulie, nami nakufafanulia wewe. Radio ndogo ya transista inatumia volti chache. Ampli ya lampi inahitaji volti 250, 300, hata zaidi. Umeme huo unawekwa akiba ndani ya makopo madogo yanayoitwa kondensa. Ukizima ampli lampi zikiwa mahali pake na bado ni za moto, zinakunywa akiba hiyo. Lakini ukiziondoa, hakuna wa kuinywa. Kondensa inabaki imejaa, ikingoja mkono wako.

Kazini unajua sheria: hakuna anayegusa mashini mbele ya kukata umeme, kuweka kufuli na kupima. Kwa nini sheria hiyo ibaki kwenye mlango wa kiwanda, isije nawe nyumbani?

Kwa nini ampli inapiga kelele

Gitare inatoa umeme mdogo sana. Lampi ndogo ya kwanza, mara nyingi ile ya namba ECC83, inauzidisha karibu mara 60. Nusu ya pili ya lampi ile ile inauzidisha tena mara 60. Fanya hesabu: 60 mara 60 ni 3,600. Wajenzi wengi wanataka ampli kali, wanaongeza hatua ya tatu: sasa ni mara 216,000. Ngurumo ya transfo na mnong'ono wa nyaya navyo vinazidishwa vilevile. Sauti ya bafle inarudi kwenye gitare, inazidishwa tena, na mluzi unaanza.

Basi ugonjwa wa ampli hii si udhaifu. Ni nguvu nyingi kupita kiasi. Na dawa yake inaanzia nje ya sanduku.

Fanya hivi, hatua kwa hatua

1. Toa gitare kwenye ampli. Rudisha kitufe cha sauti kwenye sifuri. Kama mluzi bado uko, kosa liko ndani, nyuma ya kitufe: pengine waya wa kutokea umepita karibu mno na waya wa kuingilia. Zima, umpelekee fundi. Kama mluzi unakuja tu ukipandisha kitufe, endelea na hatua ya 2.

2. Zima, toa fishi, acha lampi zipoe, kwa kuwa kioo chake kinaunguza ngozi. Kama lampi ziko juu ya sanduku, ondoa ile ECC83 ndogo bila kufungua kitu. Nguvu yake ya kuzidisha ni 100 kwenye karatasi. Weka ECC81, ambayo nguvu yake ni 60, au ECC82, ambayo haifiki 20. Miguu yao inaingia mahali pale pale. Watu wengi wanapona hapa, na hawahitaji turnevisi.

3. Usiwashe ampli ya lampi bila bafle. Transfo ya kutokea inaweza kuharibika.

4. Kama haitoshi, ni kazi ya ndani. Ikiwa wewe si fundi wa umeme, simama hapa. Ikiwa ni fundi, kazi ni ndogo: ondoa kondensa iliyo sambamba na rezistansi ya katodi ya lampi ya kwanza, na nguvu ya hatua ile inashuka karibu nusu. Au weka kati ya hatua mbili rezistansi mbili zilizo sawa, za kilo-ohm 470, moja njiani na moja kwenda ardhini, na nusu ya sauti itabaki nyuma.

Mbele ya kuingiza mkono

Toa fishi, uiweke mahali unapoiona kwa macho. Vua pete na saa. Usiwe peke yako ndani ya nyumba, na watoto wasiwe karibu. Mkono mmoja uweke mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono.

Pima kondensa kwa kipima umeme kinachofika zaidi ya volti 500. Kama kuna volti, zimwage pole pole kwa rezistansi ya kilo-ohm 10, ya wati 5 au zaidi, iliyofungwa kwenye nyaya zenye plastiki nzuri. Hesabu hadi 10. Pima tena. Chini ya volti 10 ndipo unaweza kugusa. Usimwage kwa turnevisi: inatoa cheche, inayeyusha chuma na kuharibu kondensa.

Kisha umwombe fundi alehemu rezistansi ya kilo-ohm 220, ya wati 2, juu ya kondensa kubwa, ibaki pale siku zote. Itamwaga akiba yenyewe kila ukizima. Ni kitu kidogo sana, lakini ndicho kilichokosekana kwenye ampli ya kijana wetu.

Waya wa kijani na manjano

Wengine, wakichoka na ngurumo, wanakata waya wa ardhi. Ngurumo inapungua, wanafurahi. Ndugu, usifanye hivyo hata siku moja! Nyuzi za gitare zimeunganishwa na sanduku la ampli. Sanduku likishika umeme, vidole vyako ndivyo vinakuwa waya wa ardhi. Mwaka wa 1972, Les Harvey, mpiga gitare wa orkestra Stone the Crows, aliuawa na umeme jukwaani mjini Swansea, huko Wales, alipogusa mikro isiyofungwa vizuri na ardhi. Mwaka wa 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa vilevile nyumbani kwake Uingereza akipiga gitare ya umeme. Wote wawili walikuwa watu wa kazi hiyo.

Na masikio yako?

Sasa nasema na wewe unayefanya kazi chini ya udongo. Mashini ya kutoboa mawe inapita desibeli 100. Ampli ya wati 5 tu, yenye bafle nzuri, inaweza kupita desibeli 100 vilevile ukisimama mita 1 mbele yake. Waganga wengi wanafuata kipimo hiki: desibeli 85, saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu.

Masikio hayajui kama kelele ni ya kazi au ya furaha. Yaliyochoka mchana yanahitaji kupumzika jioni. Vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Ukisikia mlio kichwani baada ya kupiga gitare, au bibi yako akisema unaongea kwa kupaza sauti, njoo dispanseri tukupime. Bafle usiielekeze kitandani mwa mtoto.

Mtu akishikwa na umeme

Mama, haya ni yako pia. Usimguse. Kata umeme kwanza, kwenye kibao au kwa kutoa fishi. Tuma mtu aite ambilansi. Kama hapumui na haitiki, mlaze chali, weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimeta 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Akiamka na kusema hana kitu, mlete hata hivyo. Kidonda kidogo kwenye ngozi kinaweza kuficha nyama iliyoungua ndani, na moyo unaweza kusumbuka.

Kijana wetu tulimpeleka lopitalo, wakaangalia moyo wake, akarudi mzima. Kidole kilipona baada ya majuma kadhaa. Fundi alimwekea ECC81 na ile rezistansi ya kilo-ohm 220. Sasa ampli haipigi mluzi, na Jumapili inasindikiza wanakwaya. Aliniambia: «Munganga, nilitafuta kosa kwenye nyaya, kumbe lilikuwa kwenye haraka yangu.»

Ndugu, tengeneza, piga, furahisha jamaa yako. Lakini kumbuka: fishi iliyotoka si umeme uliokwisha. Pima kwanza, gusa baadaye.