Kugawa Orodha katika Mafungu ya Ukubwa Maalumu

Baada ya kupitia mada hii, utaweza kuandika programu ya Python inayogawa orodha katika mafungu, na kuhakikisha hakuna data inayopotea.

Tuseme shule ina watahiniwa 23 wa mtihani wa vitendo, lakini maabara ina kompyuta 5 tu. Watahiniwa wataingia kwa zamu, watano watano. Kabla ya kuandika programu, piga hesabu: 23 ÷ 5 = 4, baki 3. Kwa hiyo tunatarajia mafungu manne yaliyojaa na fungu la tano lenye watahiniwa 3. Liangalie sana fungu hilo la mwisho, maana ndilo linalowaponza wanafunzi wengi.

Mambo mawili ya kukumbuka

1. Fahirisi, yaani namba ya nafasi katika orodha, huanza na 0. Orodha yenye vipengele 23 ina fahirisi 0 hadi 22.
2. Kipande orodha[a:b] huanzia fahirisi a na kuishia kabla ya b. Kwa mfano, orodha[0:5] hutoa vipengele vya fahirisi 0, 1, 2, 3 na 4.

Programu

watahiniwa = list(range(1, 24))
n = 5
mafungu = []
for i in range(0, len(watahiniwa), n):
    mafungu.append(watahiniwa[i:i+n])
print(mafungu)

Mstari wa kwanza unatengeneza namba za watahiniwa, 1 hadi 23. Kitanzi kinaanza i ikiwa 0, kisha kila mzunguko kinaruka hatua n. Fuatilia:

i = 0, kipande [0:5], watahiniwa 1–5
i = 5, kipande [5:10], watahiniwa 6–10
i = 10, kipande [10:15], watahiniwa 11–15
i = 15, kipande [15:20], watahiniwa 16–20
i = 20, kipande [20:25], watahiniwa 21–23

Katika mzunguko wa mwisho tumeomba hadi 25, ingawa orodha inaishia fahirisi 22. Python haitoi kosa. Inakata kilichopo na kuishia hapo. Lakini ukiomba kipengele kimoja, watahiniwa[25], programu itasimama kwa kosa la IndexError.

Makosa ya kujihadhari nayo

Kosa la kwanza: kuhesabu mizunguko kwa len(watahiniwa)//n. Alama // hutupa baki, hivyo 23//5 ni 4. Kitanzi kitazunguka mara nne tu, na watahiniwa 21, 22 na 23 hawataitwa kabisa. Ubaya wake ni kwamba programu haionyeshi kosa lolote. Ukiijaribu kwa watahiniwa 20 itaonekana sahihi. Ukihitaji idadi ya mafungu, tumia (len(watahiniwa) + n - 1)//n. Hapa ni 27//5, yaani 5.

Kosa la pili: kuandika [i:i+n-1]. Kwa kuwa kipande huishia kabla ya b, kutoa 1 tena kunamwacha mtu wa mwisho wa kila fungu lililojaa: watahiniwa 5, 10, 15 na 20.

Kosa la tatu: kusahau n ndani ya range. Kitanzi kitasogea hatua moja moja, na mtahiniwa mmoja atatokea katika mafungu kadhaa.

Dokezo: Kuanzia toleo la 3.12, moduli ya itertools ya Python ina batched inayofanya kazi hii. Hata hivyo, swali likikutaka uonyeshe hatua, andika kitanzi.

Jipime

Orodha ina vipengele 14 na n = 4.
(a) Yatapatikana mafungu mangapi?
(b) Taja thamani zote za i.
(c) Fungu la mwisho lina vipengele vya fahirisi zipi?

Majibu: (a) 4. (b) 0, 4, 8, 12. (c) 12 na 13.

Kumbuka: Jaribu programu yako kwa idadi inayogawanyika sawasawa na isiyogawanyika. Kisha jumlisha vipengele vya mafungu yote. Jumla isipolingana na orodha ya mwanzo, kuna mtu ameachwa nje au amehesabiwa mara mbili.