Presha 210 na daktari hana haraka

Kipimo kinasoma 210 kwa 120, na ndugu waliomleta mgonjwa wanataka achomwe sindano hapo hapo. Daktari anamhoji, anampima, anaandika vidonge na kumpa tarehe ya karibu ya kurudi. Ndugu wanaondoka wakinung'unika. Mara nyingi daktari huyo yuko sahihi.

Namba peke yake haiamui. Presha ikivuka 180 kwa 120, tunauliza kama kuna kiungo kinachoumia muda huo: mgonjwa amechanganyikiwa, anapata degedege, kifua kinabana, mapafu yanajaa maji, macho yameingia ukungu? Kama hakuna, vidonge vinatosha na presha itashuka taratibu, kwa siku kadhaa. Kama kipo, analazwa na dawa inapitia mshipani.

Hata huyo hatumkimbizi hadi 120 kwa 80. Saa ya kwanza wastani wa presha hushushwa kwa robo, usizidi hapo. Saa mbili hadi sita zinazofuata tunaelekea 160 kwa 100. Aliyeishi na presha miaka mingi, mishipa ya ubongo wake imeshazoea msukumo mkubwa. Ukiuondoa ghafla, sehemu ya ubongo inakosa damu, na mtu aliyeingia kwa miguu yake anapooza akiwa wodini. Nifedipini iliwahi kutumika vibaya hivyo: kidonge laini kilitobolewa, majimaji yakadondoshwa chini ya ulimi, presha ikaporomoka bila namna ya kuizuia. Mwaka 1996 madaktari walioandika katika jarida la JAMA walitaka mtindo huo ukome. Wapo wanaoukumbuka kwa hamu hadi leo.

Uzuri wa dawa ya mshipani, basi, ni kwamba unaweza kuirudisha nyuma. Nikadipini huingizwa kwa pampu, ikaongezwa au kupunguzwa kadiri presha inavyojibu. Klevidipini, nyeupe kama maziwa kwa mafuta ya soya yaliyomo, nusu yake huisha mwilini kwa dakika moja hivi. Anayeharakishwa kweli ni mwenye ukuta wa mshipa mkuu wa moyo uliochanika: namba ya juu inatakiwa chini ya 120 upesi iwezekanavyo.

Wodi ya wazazi ina hesabu yake. Mjamzito mwenye 160 kwa 110 inayogoma kushuka hutibiwa ndani ya saa moja, hata kama hajaanza degedege. Haidralazini huja kama unga, miligramu 20 kwenye ampuli; huyeyushwa kwa maji ya sindano, ikaongezwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hadi mililita 20, kisha zinasukumwa mililita tano polepole huku presha ikipimwa kila baada ya dakika chache. Ikishuka mno, kondo la nyuma linakosa damu na mapigo ya mtoto yanayumba. Magnesiamu salfeti anayopewa pamoja nayo ni ya kuzuia degedege. Wengi hudhani ndiyo ya presha. Labetaloli nayo inafanya kazi vizuri hapa, ila hubana njia ya hewa, kwa hiyo mama mwenye pumu aseme kabla haijavutwa kwenye bomba la sindano.