Kijani Ambacho Bibi Angekisugua

Muhula huu tulikwenda kuitazama Sanamu ya Uhuru, bandarini New York. Mmoja wetu akampigia bibi yake simu ya video ili naye aione. Bibi akashangaa: "Shaba nzuri kama hiyo wameiacha ipate kutu? Ndimu na chumvi hawana?"

Tulicheka, maana majumbani kwetu madele na masinia ya shaba husuguliwa mpaka yang'ae. Lakini jibu hatukuwa nalo, tukaenda kulitafuta.

Sanamu ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na rangi ya shaba yenyewe. Hewa yenye unyevu ikaitia weusi, kisha moshi wa mji wenye salfa na chumvi ya bahari vikaifanya kijani. Mwaka 1906 kulipotokea mpango wa kuipaka rangi, wananchi walipinga. Kijani hicho wataalamu hukiita patina. Kutu ya chuma hubanduka na kuendelea kula ndani. Patina hushikamana na shaba na kuikinga. Mabamba ya sanamu yana unene wa milimita 2.4 hivi, na katika miaka 100 ya kwanza yalipungua kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Basi fundi afanyeje bamba likitoboka? Shaba mpya ni nyekundu, na kiraka chake kitaonekana kutoka mbali. Katika ukarabati wa miaka ya 1984 hadi 1986, mafundi walichukua shaba iliyokwisha kugeuka kijani kutoka paa kuukuu la maabara za Bell, New Jersey.

Paa la namna hiyo halipatikani kila siku, kwa hiyo mara nyingi kijani hutengenezwa. Shaba husafishwa mafuta yote, halafu hupakwa maji ya dawa kama amonia, chumvi au mrututu.

Sisi tulijaribu kwa siki na chumvi. Bamba la kwanza tulililowesha chapachapa. Baada ya siku chache lilipendeza, lakini tulipolipangusa kijani chote kilitoka kama unga. La pili tulilinyunyizia kidogo tu, tukaliacha likauke, tukarudia kwa wiki nzima. Hilo lilishika vizuri zaidi, ingawa lilikuwa na mabaka. Tulivaa glavu wakati wote, kwa kuwa unga ule ni sumu.

Tulimpigia bibi tena, tukamweleza kwamba kuisugua sanamu ni kuivua nguo yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya, sanamu iacheni," akasema. "Lakini dele langu nitalisugua. Hilo watu wanalinywea kahawa."

Hapo hatukuwa na la kubisha.