Kilti ya kwanza: Kijana asikimbilie rangi, aanze na vipimo

MGENI akifika Edinburgh au Glasgow siku ya harusi, huenda akashangaa kuwaona wanaume wazima, wenye ndevu zao na vyeo vyao, wamevaa vazi la marinda linaloishia magotini. Asithubutu kuliita sketi! Hiyo ni kilti, vazi la heshima la wanaume wa Uskoti, na kijana wa huko haisahau siku aliyopata yake ya kwanza.

Lakini pia ni siku inayotikisa mfuko wa wazazi. Kilti kamili hutumia zaidi ya mita saba za kitambaa cha sufu, na ikishonwa kwa mkono hugharimu mamia ya pauni. Hapo bado soksi ndefu, viatu na koti. Na anayeitaka ni mvulana wa miaka 15 au 16 ambaye mwakani huenda atakuwa amempita babake kimo.

Swali hili laweza kubisha hodi hata katika nyumba inayozungumza Kiswahili. Watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda Uskoti kusoma tangu zamani. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952.

Ilipigwa marufuku

Hapo kale, watu wa milima ya Uskoti walijifunga kitambaa kirefu kiunoni kwa mshipi na ncha yake wakaitupa begani, karibu na tunavyovaa shuka. Kilti fupi ya sasa ilienea katika karne ya 18.

Baada ya watu hao kushindwa katika vita vya Culloden mwaka wa 1746, serikali ya London iliwakataza wanaume kuvaa mavazi hayo, isipokuwa wanajeshi. Aliyepatikana mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo iliondolewa mwaka wa 1782, na mwaka wa 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh akiwa amevaa kilti yeye mwenyewe. Ndiyo maana wazee wengi huko hawafurahii kuona kijana akiivaa kwa mzaha.

Ni lazima uwe na ukoo?

Mirabaraba ya kilti huitwa tatani, na nyingi zina majina ya koo. Kuna hata daftari rasmi la tatani mjini Edinburgh, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2008. Desturi ni kijana kutazama jina la upande wa baba au wa mama.

Asiye na ukoo wa Kiskoti asijione mkosaji. Hakuna sheria inayomzuia. Ziko tatani zinazovaliwa na kila mtu, kama Black Watch, ya buluu nzito, kijani na nyeusi, inayopatana na koti lolote. Ile iitwayo Balmoral ndiyo ya kuachwa, kwani ni ya jamaa ya mfalme.

Vipimo

Kosa la kawaida ni kumpa fundi kipimo cha suruali. Kilti hukaa juu zaidi, karibu na kitovu. Pima kiuno hapo, kisha makalio mahali palipo panene zaidi, kisha urefu hadi katikati ya goti. Kijana asijipime, kwa sababu akiinama kusoma tepu kipimo kinaharibika.

Ikiwa tayari, apige magoti mgongo ukiwa wima. Upindo uachane kidogo tu na sakafu. Ukilala chini, ni ndefu mno. Marinda yakae nyuma, mbele pawe laini, na kitambaa cha juu kiishie upande wa kulia. Ile pini ya chini huchomwa kwenye kitambaa cha juu peke yake; ukishika vyote viwili, kilti itavutika na kuraruka. Mkoba wa ngozi wa mbele uning'inie upana wa kiganja chini ya bizimu ya mshipi.

Kununua au kukodi?

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hivyo, kwa kijana anayerefuka, kukodi kwa siku moja ya harusi au ya kumaliza shule si aibu. Ni hesabu nzuri. Na lile swali la utani, kama ndani huvaliwa kitu? Anayekodi avae chupi, maana kesho nguo hiyo ni ya mwingine.

Njia ya pili ni kununua iliyokwisha kutumika. Inyanyueni kwenye mwanga mtafute matundu ya nondo, kisha mkague mshono wa marinda na mikanda ya ngozi. Mikanda hiyo fundi aweza kuihamisha kiuno kikiongezeka.

Ziko pia za nyuzi zisizo za sufu, za bei nafuu. Zafaa kwa dansi na kiwanja cha mpira, lakini ni nyepesi: marinda hulegea, na upepo wa Uskoti hauna adabu. Rahisi ghali.

Ya sufu nzito ingoje hadi kijana aache kurefuka. Hiyo haitiwi katika mashine ya kufulia. Hupigwa brashi, hutundikwa, na ikitunzwa hudumu miaka mingi hata mwanawe akairithi.

Kwa hivyo mzazi, kaa na mwanao mkubaliane kiasi cha pesa kabla ya kuingia dukani. Rangi zote zinapendeza zikiwa rafuni. Kilti inayomfaa ni ile atakayotembea nayo barabarani bila kuivutavuta, na ambayo haitawaacha wadogo zake bila karo.